Jicho la Kushoto la Samaki wa Ko Afui

Bong Nyuk Lian hakuanza na samaki, alianza na dhahabu. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye benchi la duka la mjomba wake huko Siantan, ng'ambo ya mto Kapuas, akiunga mikufu iliyokatika na kurudishia pete vijiwe vilivyong'oka. Mjomba alipofariki na duka likafungwa, Nyuk akabaki na koleo zake ndogo, kioo cha kukuzia cha kubana jichoni, na mikono isiyojua kutetemeka. Ndipo jirani yake, mfugaji wa arowana, samaki warefu wa mapambo, alipomletea samaki ambaye jicho la kulia lilikuwa limeinama, linatazama sakafu, kama mtu aliyeangusha kitu na hakumbuki ni kitu gani. Yule jirani alikuwa amewahi kuona jicho la namna hiyo likirudishwa mahali pake. Kazi aliijua, mkono wa kuifanya ndio hakuwa nao.

"Wewe umeshika vitu vidogo kuliko hiki maisha yako yote," alimwambia.

Wakamlaza samaki kwenye beseni la maji yaliyotiwa mafuta ya karafuu mpaka akalegea. Wakamfunika kwa kitambaa kibichi, jirani akawa anampitishia maji mdomoni kwa mpira mwembamba ili matamvua yasikauke. Nyuk akachukua kijiko cha chuma kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, akaingia nyuma ya jicho, akakwangua mafuta yaliyolisukuma, akalipandisha pole pole. Hazikutimia dakika sita. Siku ya nne samaki yule alikuwa anatazama mbele, na jirani alikuwa ameshawaambia watu wote wa gatini.

Pontianak, mji wao huo wa Indonesia, ni mji ambamo mtu anaweza kuishi na paa linalovuja lakini arowana wake akawa na tangi la kioo la urefu wa kitanda. Kazi haikukosekana. Kufikia umri wa miaka hamsini, kila mtu alikuwa anamwita Ci Nyuk, dada Nyuk, hata waliomzidi umri, na barazani kwake hapakupita siku mbili bila boksi jeupe la povu, ndani yake mfuko wa maji na samaki wa urefu wa mkono.

Ungedhani mtu kama huyo ana raha na kazi yake, lakini Nyuk alikuwa mtu wa kukereka kutwa nzima. Kilichomkera ni wenye samaki. Samaki wale wale walirudi. Alilipandisha jicho mwezi wa pili, mwezi wa sita limeanguka tena, na mwenyewe amesimama mlangoni na boksi kama mtu aliyeleta kiatu kilichofumuka.

Akaanza kuwafuata majumbani kuangalia matangi, na alichokiona kilimtia uchungu. Arowana wa huko juu kwenye maziwa ya Kapuas anazaliwa kwenye maji ya rangi ya chai. Mwanga anaoujua unatoka juu, na chakula chake, panzi na vyura na mende, kinaanguka kutoka matawini, kwa hiyo tangu mdogo ni wa kutazama juu. Watu wa mjini wakamweka kwenye kioo, wakambandikia mirija ya taa ubavuni na chini, mingine ndani ya maji kabisa, inawaka mchana kutwa ili wekundu wake ukolee kwa ajili ya mashindano. Chini vigae vyeupe, mbele televisheni. Juu ya tangi giza. Jicho litakwenda wapi kama si chini kwenye mwanga?

Hayo yalikuwa mawazo yake. Mwalimu mmoja wa chuo cha uvuvi alimsikiliza kwa adabu, akamwambia hakuna aliyethibitisha. Wengine wanasema ni unene, wengine wanasema ni ukoo wa samaki, wengine wanasema ni woga tu. Nyuk alikubali kwamba hajui yote. Ila kwa hesabu ya kichwa chake, katika samaki wote waliomrudia, ni wawili tu ambao taa zao hazikuwa za namna hiyo. Basi kila mteja alimweleza jambo lile lile. Taa iwe moja, ikae juu, isiwe kali, izimwe jioni. Ubavu na chini ya tangi pabandikwe karatasi nyeusi. Chakula kielee. Wateja waliitikia wote. Wakifika nyumbani, wanawasha taa zao.

Ko Afui, yaani kaka Afui, alikuwa mteja wa namna hiyo, au ndivyo Nyuk alivyomdhania.

Afui alikuwa na mkahawa karibu na gati ya feri, upande wa mjini, na katikati ya mkahawa lilikaa tangi la samaki ambaye wanywaji kahawa wote walimwita Mwekundu. Alikuwa mwekundu kweli, midomo, mapezi, hata mashavu. Mara ya kwanza Afui alimleta kwa jicho la kushoto lililoinama kidogo. Nyuk akalipandisha, akamweleza habari ya taa. Baada ya miezi minne Afui akarudi. Nyuk akamuuliza taa zikoje.

"Nimezitoa zote, Ci. Imebaki ya juu tu."

Nyuk akamkata samaki mara ya pili, huku haelewi. Kwa wiki kadhaa alilala akilifikiria jicho lile. Kama taa ni moja na iko juu, mbona limeanguka? Alianza kuwaza kwamba labda yule mwalimu alisema kweli, na yeye miaka yote amekuwa akiwasumbua watu kwa jambo alilolitunga mwenyewe.

Mara ya tatu Afui alipofungua boksi, Nyuk aliinama akaangalia. Jicho lilikuwa limelala chini kabisa, na juu yake ulikuwa umetanda ukungu mweupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Alimwambia Afui amrudishe samaki nyumbani, kesho atakuja mwenyewe kuliona tangi. Afui akaanza kubabaika. Akasema asijisumbue, feri zimejaa siku hizi, mkahawani hakuna hata pa kukaa. Nyuk akamwambia atasimama.

Alifika kesho yake saa nne asubuhi. Mkahawa ulikuwa umejaa wanaume wenye vikombe vya nusu na sahani za ndizi za kukaanga. Hakuhitaji kusogea. Tangu mlangoni aliiona mirija mitatu ikiwaka, mmoja juu, mmoja ubavuni, na mmoja umebandikwa ndani ya maji karibu na sakafu ya tangi, mkali kiasi kwamba vigae vyeupe vya chini vilikuwa vinang'aa navyo. Mwekundu alikuwa anapita na kurudi kama anayetafuta mahali pa kutokea. Kando ya tangi, kwenye kiti cha henzirani kilichogusana na kioo, alikaa bibi mmoja mdogo wa mwili, paji la uso karibu liguse tangi. Nyuk alidhani amesinzia.

Akaenda moja kwa moja kwa Afui, aliyekuwa anachuja kahawa kwenye mfuko mrefu wa kitambaa.

"Ko Afui, hiyo ndiyo taa moja?"

Afui hakuinua macho. "Kunywa kahawa kwanza, Ci."

"Sikuja kunywa kahawa. Mara mbili nimelifungua jicho la yule samaki, na jana umeniletea mara ya tatu. Ukanitazama usoni ukaniambia umezitoa. Mimi nikakaa kwangu nikajiona mjinga."

Wanaume wakageuka. Mmoja akasema mke wake naye macho hayaoni siku hizi, Ci akimaliza hapo apitie kwao amkwangue kidogo. Mkahawa mzima ukacheka. Nyuk hakucheka. Alikwenda ukutani, akazishusha swichi zote tatu kwa kiganja kimoja.

Bibi aliyekuwa kwenye kiti akainua kichwa. Akanyoosha mkono akakipapasa kioo, kwanza huku, halafu kule.

"Afui," aliita. "Samaki amekwenda wapi?"

Mwekundu alikuwa mbele yake, shibiri moja tu kutoka puani kwake.

Hakuna aliyecheka tena. Afui akaweka chini birika, akaziwasha taa mwenyewe, akamshika Nyuk kiwiko akampeleka stoo kwenye magunia ya sukari. Huko ndiko alikomweleza. Bibi yule ni mama yake. Mtoto wa jicho amemwingia macho yote mawili, sasa unakwenda mwaka wa tano. Ni kweli zile taa mwanzo zilikuwa za mashindano, hilo hakatai. Lakini baada ya Nyuk kumkata samaki mara ya kwanza, alizitoa kama alivyoagizwa. Mama akakaa siku tatu hali chakula vizuri, anasema nyumba imekuwa giza, anauliza ni nani amefariki. Afui alipozirudisha, mama akatulia. Kumbe kwenye mwanga ule mkali alikuwa anakiona kitu chekundu kikipita.

"Ndicho kitu pekee anachokiona humu ndani," Afui alisema. "Mimi mwenyewe hanioni. Ananijua kwa miguu yangu ninavyoiburuta."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba mama yangu anapofuka na mimi niko hapa nauza kahawa? Mji huu ungesema nini?"

Nyuk alisimama pale kati ya magunia, hasira zimemjaa na hana pa kuzimwaga. Alikuja kupambana na mtu mwongo mwenye tamaa ya kikombe cha mashindano, na huyo angemweza. Halafu zikampanda upya, maana mtoto wa jicho si ugonjwa wa kukaa nao miaka mitano. Unatolewa. Watu wanaingia hospitalini asubuhi, jioni wako kwao. Afui akamjibu kwamba amesema mpaka amechoka, mama hataki. Nyuk akasema atamwambia yeye.

Wanawake wote na watoto wote wa mtaa ule walimwita yule bibi Apho, yaani nyanya, na Nyuk naye akamwita hivyo. Alichuchumaa kando ya kiti chake, akajitambulisha, akamweleza taratibu kwamba macho yake yanatibika.

Apho alisikiliza mpaka mwisho. "Wewe ndiye Nyuk wa samaki?"

"Ndiye mimi, Apho."

"Huyu umemkata jicho mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Amepona?"

"Jicho la samaki si jicho la mtu. Na mimi si daktari."

"Jicho ni jicho," Apho alisema. "Huyu anakatwa, linaanguka. Anakatwa, linaanguka. Nimesikia kila mara wanavyombeba na boksi lake. Mimi mtoto wangu wa jicho mwache nikae naye, tumezoeana."

Nyuk alirudi ng'ambo na feri amesimama ukingoni, akirudia mazungumzo yale kichwani na kila mara akijibu vizuri zaidi. Mumewe Akhiong alikuwa anapika wali. Alipomuuliza imekuwaje, alisema, "Samaki haoni kwa sababu ya bibi, na bibi haoni kwa sababu yangu," akaenda kuoga.

Hakukubali kushindwa. Wiki iliyofuata alirudi na karatasi nyeusi na mkasi, akaziba chini na ubavu wa tangi, akaung'oa ule mrija wa majini, akamwachia Apho taa ya juu tu, kali kidogo kuliko alivyopenda. Alifikiri kila mmoja atapata nusu yake. Apho akasema anaona kivuli, basi. Wiki ya pili Nyuk alikuta pembe ya karatasi imebanduliwa kwa kucha, kipande cha ukubwa wa uso wa mtu, pale pale penye kiti. Akabandika tena. Wiki ya tatu mrija wa majini ulikuwa umerudi. Alimgombeza Afui mbele ya wateja wake, na Afui, ambaye si mtu wa kupandisha sauti, akamwambia sawa, basi yeye Ci Nyuk akae hapa siku moja tu, mama amuulize nani amefariki, halafu azime.

Nyuk akazima, akakaa kuanzia saa tatu. Kufikia saa sita alikuwa amewasha taa kwa mkono wake mwenyewe, akaondoka bila kuaga.

Tangu hapo akawa mkali kwa kila mtu. Alikata shauri kwamba hamkati samaki yeyote kabla hajaliona tangi lake na taa zake, na akikuta taa za chini anageuza njia. Wateja wakaona ni usumbufu. Kulikuwa na bwana mmoja upande wa kusini mwa mji aliyejifunza kazi ile ile, naye haulizi habari za taa. Maboksi yakaanza kwenda kwake. Baraza la Nyuk likawa tupu, na yule jirani wa kwanza, aliyemwingiza kwenye kazi, akamwambia kwa upole kwamba anagombana na balbu, na balbu hazina masikio. Nyuk akamwambia wenye balbu ndio hawana.

Huku nyuma Mwekundu alizidi kuharibika. Ukungu ulikuwa mzito, akawa anakosa chakula kikiangushwa upande wa kushoto. Mende anaelea mbele yake, yeye anapiga maji patupu.

Mwishowe aliyemtoa Apho kwenye kiti hakuwa Nyuk, wala Afui, wala daktari. Alikuwa Apho Kim, rafiki yake wa kucheza karata tangu wakiwa wasichana, ambaye na yeye macho yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Mtoto wake alimpeleka akatibiwa bila kumwambia mtu. Siku moja akaingia mkahawani anatembea mwenyewe, akakaa mbele ya mwenzake, akamtazama kwa makini, akasema, "Lo, uso wako umezeeka hivi? Mimi nilikuwa nakukumbuka mwingine."

Walicheza karata kama kawaida, ila zamani wote wawili walisomewa na wateja, sasa Kim ndiye aliyemsomea mwenzake, akawa anaziona za wote wawili, akashinda michezo yote. Kesho yake kabla kahawa ya kwanza haijachujwa, Apho alimwambia mwanawe amtafutie gari la kwenda hospitali.

Nyuk alizipata habari hizo kwa mtu baki, kwenye feri. Miezi minane ya kusema, kubandika, kung'oa na kugombana, halafu mtu mmoja anamwambia mwenzake kazeeka, kazi imekwisha. Alifurahi, ndiyo. Lakini alipoulizwa na abiria mwenzake kama hamjui yule bibi, alisema anamjua kidogo.

Lilitibiwa jicho la kulia kwanza. Bandeji ilipotolewa Afui akamwalika Nyuk, kwa heshima zote, aje ashuhudie mama akimwona samaki wake. Alikuja. Apho alikuwa kwenye kiti chake, amevaa miwani myeusi. Akaivua, akakodoa macho, akalitazama tangi muda mrefu huku samaki akipita na kurudi.

"Mbona jicho lake limeanguka hivi?" Apho aliuliza. "Tena lina ukungu. Nani amemfanya hivi mnyama wa watu?"

Afui akageukia birika lake.

"Ni taa, Apho," Nyuk alisema. "Nimesema mwaka mzima ni taa."

"Taa gani?"

"Hizo hapo."

Apho akaziangalia, akaweka mkono usoni, akarudisha miwani haraka. "Ndiyo maana tangu asubuhi zinanichoma. Afui, hebu zima. Nani alijaza vitu hivi humu ndani, pakawa kama duka la simu?"

Afui akavuta kigoda, akapanda, akaingiza mkono majini mpaka begani, akaung'oa ule mrija wa chini, kisha wa ubavuni. Nyuk aliangalia jinsi kazi ile ilivyochukua muda mfupi. Hata kikombe kimoja cha kahawa kilikuwa hakijapoa.

Alitoka bila kukaa. Afui akamkimbilia mpaka gatini na mfuko wa ndizi za kukaanga, anasema asante nyingi zisizopangika. Nyuk alizipokea zile ndizi kwa sababu alikuwa hajala tangu asubuhi. Alizila ndani ya feri akiwa amesimama, bado amekunja uso, na zilikuwa nzuri.

Ukungu ulimtoka Mwekundu katika wiki saba, akaanza tena kuwapata mende wake. Wekundu wake ulififia kidogo, na habari ya mashindano ikafa yenyewe. Jicho la kushoto halikupanda tena. Afui alimwomba Nyuk amkate mara ya tatu, sasa taa zimekwisha, sasa litakaa. Nyuk aliliangalia kwa kioo chake cha kukuzia, akaona nyama ya nyuma imekwisha kuwa ngumu, akakataa. Kwa hiyo samaki yule anaishi hivyo hivyo, jicho moja linatazama mbele, jingine linatazama vigae, na Apho huwaeleza wageni kwamba aliharibiwa na fundi mmoja wa Siantan, mtu mzuri lakini mkali.

Jicho la pili la Apho bado. Anasema anafikiria.

Nyuk ameanza kuitwa tena, si sana, mara nyingi kuangalia taa kuliko kukata. Siku hizi kabla hajauliza habari za taa, huuliza ni nani anayekaa karibu na tangi.